Wanangu wanne huzungumza kupitia kwangu, na mimi naumwa

Asalaam aleikum dada mshauri,

Naandika usiku wamelala, naandika kidogo kidogo kwa simu kwa hivyo makosa unisamehe. Mimi ni mama wa miaka 64, naishi Lamu mjini upande wa Langoni. Mume wangu alifariki 2015 na sijaolewa tena wala sikutaka. Nina watoto wanne, wote watu wazima sasa, baba mmoja mama mmoja. Wa kwanza mwanamume ana 42, yuko Mombasa na mkewe na watoto. Wa pili binti kaolewa Malindi. Wa tatu mwanamume yuwafanya kazi Doha, mwaka wa saba huu. Kitinda mimba ana 29, huyu aliolewa akaachwa, niko naye hapa na mwanawe wa miaka sita, asubuhi asomesha watoto wadogo madrasa na mshahara wenyewe ni wa sabuni tu.

Maisha yangu yote nimepika vya kuuza, mahamri, vibibi, mkate wa sinia, na Ramadhani ndo usiseme. Nakwambia haya sababu ugonjwa wangu ulianzia kwenye chakula. Mwezi wa Rajabu nilianza kuona tonge linasimama hapa kifuani, nalisukuma na maji linapita. Nikasema ni asidi, nikanunua dawa za vidonda vya tumbo dukani. Ramadhani ilinisitiri, maana kwenye futari kila mtu ana haraka na hakuna anotizama sahani ya mwenziwe. Lakini baada ya Idi mkate ukawa haupiti mpaka niuchovye chai, alafu hata wali ukawa ni vita, nikaanza kula peke yangu jikoni nisije nikaonekana nikirudisha. Nguo zikanipwaya. Walipouliza nikasema napunguza mwili sababu ya presha.

Nikawaaga naenda arusini Malindi. Nikatoka na boti ya alfajiri mpaka Mokowe upande wa bara nikapanda basi, na arusi kweli ilikuweko nisije nikasema uongo mtupu, lakini siku ya pili yake wifi yangu akanipeleka hospitali wakanipitisha kamera kooni wakakata kinyama kidogo cha kupima. Wiki mbili baadaye nikarudi kwa majibu. Daktari kijana tu, hana ubaya, lakini foleni ilikuwa imefika nje na yeye alikuwa akiandika huku akizungumza. Akasema ni saratani ya koo la chakula, na imechelewa. Nikamuuliza nina muda gani, akasema mama hapa tunazungumzia miezi, si miaka. Akanipa karatasi ya kwenda Mombasa. Ile karatasi iko kashani chini ya kanga zangu, sijaenda.

Kufa siogopi vile mtu angedhani. Mimi ni mmoja wa wanawake wanoitwa kuosha maiti hapa mtaani, miaka zaidi ya ishirini, nshaona mwisho unavyokuwa. Kinachoniondolea usingizi ni hawa watoto.

Wavulana wangu wawili hawasemezani. Yule wa Doha alituma pesa, akamwambia mkubwa wanunue boti na mashine iwe ikivusha watu Mokowe, faida wagawane. Boti ikanunuliwa, ikafanya kazi mwaka na kitu, alafu ikauzwa na hesabu mpaka leo haijaeleweka. Mkubwa asema mashine iliharibika mara mbili akatengeneza kwa pesa zake mwenyewe. Mdogo asema ameliwa jasho lake. Mimi sijui nani mkweli, nafikiri kila mtu ana chake cha kweli. Huu mwaka wa tatu. Binti wa Malindi kamshika mkubwa, kitinda mimba kamshika wa Doha. Grupu la familia kwenye WhatsApp lipo lakini ni picha za Ijumaa Karim tu, mambo yenyewe yote hupitia kwangu. Huyu akipiga simu akiuliza mwenzake vipi, mimi namwambia yuko salama na anakusalimu. Hajamsalimu. Nimekuwa nikiwasalimisha hivyo miaka yote hii mitatu. Nikiondoka nani atamwambia huyu kwamba yule anamsalimu?

Alafu kuna nyumba. Nyumba yangu hii aloniwachia mume wangu ni ya mawe ya zamani, dari ya boriti, ndani kuna zidaka za ukutani bado ziko. Mirathi hatukugawa, tuliona sote tuko pamoja kuna haja gani. Mzungu mmoja ashatuma mtu mara mbili kuuliza kama nauza, na mkubwa akasema mama tulifikirie hilo. Najua nikifa haitafika arobaini itakuwa ishauzwa, na huyu mwanangu na mjukuu wangu watakwenda wapi? Kwetu zamani mtoto wa kike ndiye alokuwa akipewa nyumba. Kwa hivyo nimefikiria niende kwa wakili nimuandikie kitinda mimba nyumba kimya kimya, wenzake waje wakute imeshaandikwa, watanuna mwisho watanyamaza.

Babao alifariki ghafla, asubuhi hayuko. Mkubwa alikuwa Mombasa na siku zile basi za Lamu zilikuwa zikienda kwa msafara wa polisi, akaukosa msafara wa kwanza, alipofika tulikuwa tushazika. Akaenda kukaa kaburini mpaka magharibi. Hakulia wala hajawahi kulizungumza.

Wa Doha anakuja likizo Mfungo Sita kwa Maulidi, bado kama miezi miwili na nusu. Nataka ninyamaze mpaka afike, ale Maulidi yake kwa furaha, alafu tena sijui. Wifi yangu asema niwaambie wote leo leo. Shoga yangu mwengine nimemgusia tu akasema usimwambie mtu, ukishajulikana unaumwa hivyo watu huanza kukuaga ukiwa hai. Kitinda mimba nashukuru hajui kitu. Mtoto mzuri sana, siku hizi anipikia uji wa mchele auchuja kabisa, samaki anitoa miba amponda kwenye mchuzi, nikimwambia unanidekeza asema mama we kula tu. Wala haniulizi.

Niwaambie au ninyamaze? Na nyumba nimuandikie?

Mama, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam mamangu,

Mola akupe shifaa na akupe utulivu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kuna mahali nililazimika kuweka simu chini, ni pale kwenye zile salamu.

Umeniuliza mawili, kuwaambia au kunyamaza, na nyumba. Nikisoma naona kuna la tatu umelificha katikati yake, nalo ni kubwa kuliko hayo mawili: kwamba wanao wanne hawana tena njia ya kufikiana ila wewe. Ntajaribu kuyagusa yote lakini niruhusu nianze na huyo kitinda mimba, maana hapo ndipo sikukubaliana na wewe.

Umesema hajui kitu. Mamangu, mtu anayepunguza mwili hachujiwi uji. Hatolewi miba na kupondewa samaki. Mtoto wa miaka 29 analala nyumba moja na wewe, anafua nguo zako anaona zilivyopwaya, anasikia jikoni usiku. Naweza kuwa nakosea, mimi siko hapo. Lakini hilo la kutouliza ndo linanishtua zaidi, sababu mtoto asiyejua angekuuliza, angekwambia mama hebu kula na wewe mkate. Huyu hakuulizi. Kuna uwezekano kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna watu wawili wanafichana kitu kimoja, wewe unakula jikoni asikuone, na yeye anakuandalia cha kukupita kooni usione kwamba amekuona. Na kama ni hivyo basi yeye hana hata huyo wifi wa kumwambia.

Sasa hiyo miezi. Daktari amekupa dakika tano na foleni nje, na wewe umeyabeba hayo maneno kama hukumu ilopigwa muhuri. Simsemi vibaya. Saratani ya koo la chakula hapa Kenya ni moja ya zile tunazoziona sana, na kweli mara nyingi hujulikana kwa kuchelewa, kwa sababu koo hutanuka na mtu mwenyewe hujizoesha, anachovya mkate, anakata tonge dogo, anashushia maji, kama ulivofanya wewe. Hukufanya kosa lolote, ndo ugonjwa ulivyo. Lakini ile karatasi ilioko chini ya kanga si ya bure. Kule Mombasa ndiko wangepiga picha za kuonyesha imefika wapi hasa, na hata ikiwa haiponi kuna mambo ya kukurahisishia. Kuna kijimpira cha waya wanakiita stenti, wanakipitisha kwa ile ile kamera wanakiwacha pale palipobana ili chakula kipite. Kuna mionzi ya kupunguza uvimbe. Kuna madaktari na manesi wa tiba shufaa ambao kazi yao ni maumivu tu na kumeza na usingizi, na dawa ya mofini ya maji wanayo, na kuwaona wao haina maana kwamba umekatiwa tamaa, wengine huwaona huku wakiendelea na matibabu. Sijui katika hayo lipi linakufaa wewe, hilo ni la wao. Ninalosema ni kwamba kwa sasa hujui una muda gani, unajua tu kile kijana alichokwambia kabla ya picha.

Na safari hiyo utaifanyaje peke yako? Boti, Mokowe, basi siku nzima, na wewe unakula uji. Tena ni Mombasa, aliko mwanao mkubwa. Utafikia kwa nani? Utapita mtaa anokaa uende hospitali urudi asijue? Kuna na mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, tangu Oktoba 2024 ndo imechukua nafasi ya NHIF, kwa hivyo kama hukusajiliwa upya au michango haijalipwa mtu itabidi akufuatilie hilo kwa simu mapema, na hilo ni kazi ya kijana si yako. Nakuonyesha tu kwamba hiyo siri ina bei, na bei yake ya kwanza ni matibabu.

Lakini shoga yako pia simpuuzi. Amesema kweli kitu ambacho washauri wengi hatupendi kukubali. Watu wakijua, wengine huja na nyuso za matanga, wanakaa barazani wanatikisa kichwa, jirani anakuletea dawa ya majani na mwengine anakwambia habari za mtu wake alokufa na huo huo. Wewe ni mtu wa kuosha maiti, mtu wa kupika, mtu wa kuitwa, na hofu yako ya kugeuzwa ghafla kuwa mtu wa kuhurumiwa naielewa kabisa. Ila kuwaambia wanao si lazima iwe kuutangazia mji. Unaweza kuwaambia kwa masharti yako, kwamba hili libaki kwetu watano, kwamba sitaki mtu alie kwenye simu kila siku, kwamba mahamri nitapika mpaka siku nitakayosema basi. Watu wazima wakipewa masharti mara nyingi huyashika, inawapa kitu cha kufanya.

Nani aanze kujua? Hapa nimezunguka sana na kila njia naiona ina mwiba. Ukianza na kitinda mimba, ndiye aliye karibu na huenda ndiye ashajua, lakini usimwambie alafu ukamwambia nyamaza, maana siku wenzake wakijua watamuuliza wewe ulijua tangu lini, na yeye tayari yuko upande mmoja wa ugomvi. Ukianza na mkubwa unampa kile alichokikosa kwa babake, na mimi huyu mwanao ananiuma, mtu alokaa kaburini mpaka magharibi bila kulia ni mtu alokosa neno fulani, na safari hii msafara wa polisi si wa kusingizia, ni wewe ndo utakuwa umemfungia njia. Ila wa Doha akisikia kwamba mkubwa ndo wa kwanza kujua, moto utaongezwa kuni. Ukiwaambia wote siku moja ni haki, lakini basi mmoja atakuwa kazini kati ya watu wasiojua lugha yake, anapokea habari kama hiyo kwa simu hana wa kumshika mkono. Labda huyo apewe ijumaa yake ya mapumziko, labda amwambie rafiki akae naye, sijui.

Na kungoja Mfungo Sita? Naona uzuri wake. Kumwambia mtu umemtizama usoni ni tofauti. Kula Maulidi pamoja, kusikia matari yanavuma msikiti wa Riyadha, mjukuu amebebwa mabegani, ni haki yako na wewe kuyataka hayo. Lakini hili ni koo, mamangu, na wewe ushatoka kwenye mkate ukaja kwenye wali ukaja kwenye uji wa kuchujwa, yote hayo kati ya Ramadhani na sasa. Miezi miwili na nusu ni mingi. Ikiwa hali itabadilika kabla yake, Doha ni mbali kuliko Mombasa ya 2015, kuna ruhusa ya tajiri, kuna tiketi, kuna ndege mbili na boti ya kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Akijua sasa huenda akasogeza likizo. Huenda pia akaja mara moja akakukuta unakaanga mahamri na ikabidi arudi likizo imekwisha, na wakati ule mgumu zaidi asiwepo. Hilo nalo hutokea.

Zile salamu sasa. Sitakwambia ulikuwa ukisema uongo. Dini yetu yenyewe imempa nafasi mtu anayesuluhisha watu, akasema neno zuri ili awapatanishe huyo hahesabiwi mwongo. Ulichofanya ni mapenzi. Kuna kitu tu nataka ukitizame pamoja na mimi. Unazijua zile nyumba za mtaa wa Mkomani zenye wikio, chumba cha juu kinachovuka njia, watu wa nyumba mbili wanapitiana bila kushuka chini? Wewe ndo umekuwa wikio la hawa. Wanafikiana kupitia kwako bila kushuka njiani wakakutana uso kwa uso, na kwa hivyo miaka mitatu ugomvi wao haujawagharimu kitu, gharama yote umelipa wewe. Mkubwa anaamini mdogo anamsalimu. Mdogo vile vile. Ni rahisi kuendelea kununa na mtu anokusalimu kila wiki.

Je, wakijua kwamba zile salamu zilikuwa zako? Watajua tu, siku moja wataulizana. Inaweza kuwa ni matangani na ikawachoma, au ikawaangusha mmoja juu ya bega la mwenzake, siwezi kukuahidi lipi. Unaweza kuwaambia mwenyewe ukiwa hai, mwanangu nduguyo hajawahi kukusalimu, ni mimi, nawe hujawahi kumsalimu ni mimi. Kuna hatari hapo. Mmoja anaweza kukasirika. Au wakakugeuza kadhi wa boti, ukatumia nguvu zako zilobaki kusikiliza hesabu za mashine. Au wakapatana mbele yako kwa ajili yako tu, wakashikana mikono, alafu baada ya arobaini wakarudi kule kule, na hilo nimeliona si mara moja. Na tena nikuulize kwa upole: ni lazima wapatane? Mtu wa miaka 42 na nduguye mtu mzima wana haki yao ya kugombana. Umewalea, umewafikisha. Huenda unajipa kazi ambayo hata ungeishi miaka ishirini mengine isingekuwa yako. Umesema binti mmoja kashika upande huu na mwengine ule, sasa hao mabinti wawili wenyewe wanasemezana? Hukuniambia. Kama wanasemezana basi wikio jengine liko hapo hapo nyumbani kwako, na wewe umelitizama kama ukuta.

Kwenye nyumba ntasema wazi zaidi, sababu hapa kuna jambo si la hisia. Umeandika nyumba yangu, alafu ukaandika aloniwachia mume wangu na mirathi hatukugawa. Kama mirathi haikugawiwa, hiyo nyumba si yako peke yako tangu siku alofariki. Mke mwenye watoto hurithi thumni, moja katika nane. Ikiwa wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia na hakukuwa na mke mwengine, basi ukiigawa nyumba mafungu 48, wewe una 6, kila mvulana ana 14, na kila binti ana 7. Kwa hivyo huwezi kumuandikia kitinda mimba nyumba nzima, si kwa sababu ya ubaya wa nia, ni kwamba sehemu kubwa ni mali ya watu wengine na yeye mwenyewe tayari ana saba zake. Wakili mzuri atakwambia hivyo hivyo. Asokuwa mzuri atachukua pesa yako akuandikie, na kesi ataikuta huyo mtoto ukiwa hupo, yeye na kaka zake mbele ya kadhi. Yule ulotaka kumkinga.

Na hilo fungu lako dogo, lina mambo pia. Hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, huwa ni ya mtu mzima wa afya, akatoa, akakabidhi kweli. Mtu akitoa akiwa katika maradhi ya mauti, wanazuoni wengi huichukulia kama wasia, na wasia haupiti thuluthi, moja katika tatu, na kwa mrithi haupiti kabisa ila warithi wenzake waridhie. Maradhi yako yanahesabiwaje, hilo ni swali la kadhi si langu, na ofisi yake iko hapo hapo Lamu, nenda ukaulize kama swali tu, huhitaji kufungua kesi. Unalikumbuka na lile la babake Nuuman bin Bashir, alompa mwanawe mmoja zawadi akaenda kumshuhudisha Mtume, akaulizwa je wanao wote umewapa hivi?

Umesema kwetu zamani binti alipewa nyumba. Ni kweli, na ni desturi nzuri. Lakini alipewa akiolewa, mchana, ngoma zinalia, mji mzima unajua hii ni ya fulani. Haikuwa ya watu kuja kukuta imeandikwa.

Kuna njia nyengine, nayo ni ngumu kwa sababu inahitaji mdomo. Mirathi ya baba yao igawiwe sasa, ukiwa upo. Wa Doha anaweza kutaka kitinda mimba, nduguye aliyemshika, akae humo na mwanawe, fungu lake asilidai au alitoe kwa radhi yake. Wa Malindi ana nyumba ya mume, pengine hana haraka. Mkubwa amesema tulifikirie, hakusema tuuze, na wewe umeyajaza yaliyobaki. Labda ndo anataka kuuza kweli, ana deni, ana watoto wa shule. Basi utalisikia, na litauma, lakini utakuwa na mdomo wa kumuuliza nduguyo atalala wapi. Ukishakufa hilo swali huulizwa na kitinda mimba mwenyewe, na yeye ndo mdogo wao.

Mimi mamangu mzazi alituficha. Nilijua kwa mfuko wa dawa niloukuta uvunguni wiki moja baada ya kumzika, dawa za mwaka mzima. Sikumkasirikia hata siku moja, nilijikasirikia mimi, kwa kila mara nilompigia simu nikaikata haraka. Hilo ni langu na wanao si mimi, nimekwambia ujue naandika nikiwa nimekaa upande gani.

Na wewe mwenyewe kwenye jambo hili una elimu ambayo mimi sina. Miaka ishirini na zaidi umeingia vyumba vya ndani vya watu, umeosha mama za watu mabinti wakishika maji. Umewaona walojua mapema na umewaona walokutwa tu asubuhi kama alivyokutwa mkubwa wako. Unajua mikono yao ilikuwaje. Mimi siwezi kukwambia zaidi ya ulichokiona wewe.

Niandikie ukiweza, hata mstari mmoja, hata kama umeamua kunyamaza. Na ile karatasi ya Mombasa itoe tu kwenye kasha uitizame tarehe, kama siku ya miadi ishapita wapigie wakupe nyengine.

Wasalaam.